Homoni za kike: Usianzie kwenye vidonge vya kupanga uzazi

Katika mji wa Awendo, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi hii, ni rahisi kufika kwa kemisti kuliko kumfikia daktari. Ukiumwa na kichwa, kemisti. Ukipata homa, kemisti. Basi haishangazi kwamba mtu aliyezaliwa na maumbile ya kiume, ambaye tangu utotoni anajijua kuwa ni mwanamke, na ambaye anaona haya kumweleza daktari, anaweza kuishia kwenye dirisha lilo hilo. Hununua vidonge vya kupanga uzazi, akavimeza kwa siri, akasubiri mwili ubadilike.

Njia hiyo ina hatari kubwa. Makala haya yanaeleza jinsi tiba ya homoni za kike inavyopaswa kuanzwa. Yanakuhusu wewe unayetaka kuianza, nawe mzazi, nawe pia unayeuza dawa.

Si wazimu

Mtu wa namna hii huitwa mwanamke transjenda. Usimchanganye na huntha, ambaye huzaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali ya utransjenda katika orodha ya magonjwa ya akili lilipopitisha mwongozo mpya wa magonjwa mwaka 2019, na mwongozo huo ukaanza kutumika Januari 2022. Sasa hali hiyo imewekwa katika sura ya afya ya kijinsia, ili anayehitaji matibabu aweze kuyapata bila kuitwa mwendawazimu.

Tiba yenyewe si jambo la jana. Mwaka 1952 Christine Jorgensen, aliyewahi kuwa askari wa Marekani, alitangazwa na magazeti ya dunia nzima baada ya kutibiwa kwa homoni na upasuaji mjini Copenhagen, Denmark.

Dawa ni mbili

Kwa kawaida daktari hutumia dawa za aina mbili. Ya kwanza ni estradioli, homoni ile ile inayotengenezwa na ovari za mwanamke. Huweza kuwa kidonge, sindano, au bandiko na jeli ya kupaka ngozini. Ya pili ni dawa ya kuzuia testosteroni, yaani homoni ya kiume. Inayotumika sana ni spironolaktoni, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya moyo na ya shinikizo la damu. Hii huongeza mkojo, huweza kushusha shinikizo la damu, na huweza kupandisha potasiamu mwilini. Potasiamu ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika. Kwa hiyo mwenye figo mbovu asiiguse bila daktari.

Dawa nyingine ni siproteroni. Hii huweza kudhuru ini, na ikitumiwa kwa wingi kwa miaka mingi huongeza uwezekano wa uvimbe katika utando wa ubongo. Ndiyo sababu siku hizi madaktari hutoa kiasi kidogo tu.

Tatizo la vidonge vya uzazi

Utauliza: si vidonge vya kupanga uzazi pia vina homoni ya kike? Vinayo, lakini estrojeni iliyomo katika vingi vyao ni ethinili estradioli, iliyotengenezwa maabarani, nayo huchochea damu kuganda kuliko estradioli ya kawaida. Kidonge kimoja kwa siku kimepimwa kwa ajili ya kuzuia mimba. Anayetaka kubadili mwili humeza viwili, vitatu au zaidi, na kila anapoongeza hatari nayo huongezeka. Madaktari wa Amsterdam, Uholanzi, waliofuatilia wagonjwa wa aina hii kwa miaka mingi, waliona kwamba waliotumia ethinili estradioli walipata mabonge ya damu zaidi kuliko wengine. Leo miongozo ya kimataifa inasema dawa hiyo isitumiwe kwa kazi hii.

Nayo sindano ya miezi mitatu haina estrojeni kabisa. Haitakupa kile unachokitafuta.

Bonge la damu huanza mara nyingi mguuni, kisha husafiri hadi mapafuni. Ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma, ukapatwa na maumivu ya ghafla ya kifua, ukaishiwa na pumzi au ukakohoa damu, usingoje kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, umwambie daktari ni dawa gani umekuwa ukimeza. Ukificha, atatafuta ugonjwa mwingine na wakati utapita.

Vipimo kabla ya kuanza

Kabla ya kidonge cha kwanza, daktari atakuuliza kama wewe au jamaa yako amewahi kugandwa na damu, kupata kiharusi au saratani ya matiti. Atakuuliza kama unavuta sigara, kwani sigara na estrojeni havipatani. Atapima shinikizo la damu, ini, figo, sukari, potasiamu na kiwango cha homoni zako. Mwambie pia kama una selimundu, ugonjwa ulio wa kawaida katika sehemu za kandokando ya Ziwa Victoria, kwa maana nao huzidisha hatari ya damu kuganda.

Vipimo hurudiwa kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, halafu mara moja au mbili kwa mwaka.

Jambo moja watu husahau: uzazi. Homoni hupunguza mbegu, na huenda zisirudi hata ukiacha dawa. Ukitaka mtoto wa damu yako, zungumza na daktari juu ya kuhifadhi mbegu kabla ya kuanza. Huduma hiyo hupatikana katika kliniki za uzazi jijini Nairobi. Hata hivyo, usizifanye homoni kuwa kinga ya mimba, kwani bado unaweza kumpa mtu mimba.

Mabadiliko huchukua muda

Katika miezi mitatu ya kwanza hamu ya tendo la ndoa na kusimama kwa uume hupungua. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita ngozi hulainika, matiti huanza kuota na mara nyingi huuma, misuli hupungua, na mafuta huanza kuhamia nyongani na mapajani. Matiti huweza kuchukua miaka miwili au mitatu kufikia ukubwa wake. Sauti haibadiliki, hiyo huhitaji mazoezi. Ndevu nazo haziondoki kwa homoni peke yake.

Wenyeji wa Awendo wanaujua muwa: haukomai kwa wiki moja hata ukiumwagia gunia zima la mbolea. Mwili nao ni hivyo. Kuongeza dawa hakuharakishi matiti, huharakisha madhara.

Ukimwi na kifua kikuu

Migori na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya virusi vya Ukimwi nchini, kwa hiyo swali hili ni la lazima. Je, homoni zinapatana na dawa za kupunguza makali? Dolutegraviri, ambayo sasa ndiyo msingi wa matibabu hayo Kenya, haisumbuani na estradioli. Efavirenzi, iliyotumika sana zamani, huweza kuipunguza nguvu. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza zaidi. Usiache dawa ya Ukimwi wala ya kifua kikuu kwa ajili ya homoni. Daktari ndiye atakayerekebisha kiasi cha homoni.

Haki yako mbele ya daktari

Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupata huduma ya afya, na haki ya faragha. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti chenye jina lake jipya. Na Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret iliamua kwamba mwanamke transjenda aliyekamatwa mwaka 2019 na kuchunguzwa mwili pasipo ridhaa yake alivunjiwa utu na faragha, ikaagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 1. Kwa hiyo siri unayomweleza daktari ni siri yako.

Madaktari bingwa wa homoni ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Lakini safari inaweza kuanzia karibu. Daktari wa hospitali ya rufaa ya Migori au ya Kisumu anaweza kukupima damu na kukuandikia barua ya kwenda kwa bingwa.

Nawe mwenye duka la dawa, kijana akija kutaka pakiti tano za vidonge vya uzazi, usimcheke wala usimfukuze. Mwulize kwa upole anavitakia nini, kisha umwelekeze hospitali. Na kama wewe msomaji umekwisha kuanza kumeza, nenda ukapimwe wiki hii, uende na pakiti zako mkononi.