Keja ya magurudumu: Kabla ya kuenda Quartzsite, piga hesabu ya maji

Ukitaja rali hapa Kenya, watu wanafikiria vumbi la Naivasha na magari yakipaa. Hii nyingine haina mshindi. Kila Januari, maelfu ya Wamarekani huendesha magari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko, bafu na choo ndani, hadi Quartzsite, mji mdogo jangwani Arizona, karibu kilomita 200 magharibi mwa Phoenix. Sensa ya 2020 ilipata wakazi kama 2,400 tu. Januari ikifika, huoni mji unaishia wapi.

Kuna maonyesho ya magari hayo chini ya hema kubwa, kuna wauzaji wa mawe ya thamani, na kuna vikundi vya kila aina. Kimoja ni Rubber Tramp Rendezvous, kilichoanzishwa na Bob Wells mwaka 2010 kwa ajili ya watu wanaoishi ndani ya magari, wengi wao kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda. Kama ulitazama Nomadland, filamu iliyoshinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021, yule mzee wa ndevu nyeupe ni Bob Wells mwenyewe.

Binamu yangu anaenda Quartzsite kwa mara ya kwanza Januari hii. Anaishi Phoenix, kazi yake ni kutunza wazee, na mkataba wa nyumba yake unaisha mwisho wa mwezi huo huo. Mwenye nyumba ameongeza kodi. Yeye naye amenunua gari-nyumba kuukuu. Mpango ni siku 14 jangwani. Zikienda poa, hasaini mkataba tena na pesa ya kodi inalipa karo ya mdogo wake hapa nyumbani. Zikienda mrama, anarudi kutafuta chumba mbio mbio.

Mamake, anti yangu, aliuliza swali moja tu: “Yaani ulienda Amerika ukaishi kwa matatu?” Kisha akaomba watu wa kanisa wasijue. (Binamu ameniruhusu niandike. Anti hana habari na intaneti.)

Wengi wakijiandaa kwa safari kama hii huanza na vitu vya kununua: viti vya kukunja, taa za kupendeza, jiko la kuchomea nyama. Binamu pia alianza hapo. Lakini kambini Quartzsite hakuna bomba linalofika kwa gari lako wala mtaro wa maji taka. Maji unaenda nayo, na uchafu wako unakaa nao mpaka uupeleke mwenyewe.

Gari lake lina matangi matatu: moja la maji safi, lita 150, la pili la maji ya sinki na bafu, la tatu la choo. Bafu la gari kama hilo linaweza kumwaga lita 7 kwa dakika. Oga dakika 10 kama uko hotelini, karibu nusu ya tangi imeenda. Ndiyo maana wazoefu humwambia mgeni afanye majaribio kwanza: alale siku tatu ndani ya gari karibu na nyumbani, bila kuunganisha stima wala maji. Binamu alifanya hivyo kwenye uwanja wa rafiki yake. Siku ya pili maji safi bado yalikuwepo, lakini tangi la maji machafu lilikuwa limejaa hadi yakaanza kurudi kwenye sakafu ya bafu. Kumbe kinachokukwamisha si kile unachoingiza, ni kile kisicho na pa kutoka.

Akarudia karai. Huyu alilelewa Umoja, kwa ploti ambayo maji yalikuja siku mbili kwa wiki. Lita 5 na kitambaa, mtu ameoga na kurudisha heshima. Vyombo vinafutwa kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Kwenye mikutano ya akina Bob Wells kuna masomo ya kuishi kwa maji kidogo na kutumia ndoo kama choo. Mtoto wa Umoja angeweza kuwa mwalimu pale.

Kuhusu choo, wacha niseme wazi. Koki ya tangi hufungwa mpaka tangi likaribie kujaa. Ukiiacha wazi, maji yanatoka, mzigo unabaki na kukauka kama simiti. Kambi ya serikali ya La Posa, nje kidogo ya mji, ina kituo cha kumwagia uchafu na kujaza maji. Kibali chake kwa miaka mingi kimekuwa dola 40 kwa siku 14, au dola 180 kwa msimu mzima, 15 Septemba hadi 15 Aprili. Ukitaka kukaa mbali na vyoo vyao, lazima gari liwe na tangi la maji taka la angalau lita 38. Kumwaga ovyo mchangani haikubaliki.

Halafu baridi. Watu wakisikia jangwa wanabeba kaptura, lakini usiku wa Januari joto linaweza kushuka hadi nyuzi 5. Hita inatumia gesi, ila feni yake inakula betri usiku kucha, na betri ya kawaida ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Jenereta nazo huzimwa saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hivyo blanketi kwanza. Na kifaa cha kugundua kaboni monoksidi si pambo. Sisi tunaojua familia zilizolala na jiko la makaa hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kilichomuuma mfukoni ni magurudumu. Yalionekana mapya, meno yote yapo. Lakini ubavuni mwa tairi kuna namba nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Zake zilisoma 1114, wiki ya 11 ya 2014. Magari haya husimama miezi mingi, tairi linazeeka likiwa bado na meno. Alibadilisha zote sita. Ukinunua mtumba hapa Nairobi, angalia namba hiyo hiyo. Kisha akapima gari kwenye mizani ya malori likiwa limejaa, maana lita 150 za maji ni kilo 150.

Limebaki jambo ambalo hakuna majaribio yanayolimaliza. Marekani, mhamiaji ambaye si raia anatakiwa kuripoti anwani mpya ndani ya siku 10 baada ya kuhama. Ukiishi ndani ya gari, unaandika nini? Hilo ni swali la kwanza kwenye daftari lake la maswali ya kuuliza huko Quartzsite. La pili ni wapi gesi inauzwa bei nafuu. La tatu ameliandika kwa Kiswahili, mwenyewe asilisome mtu mwingine: nimwambie nini mama.