Maneno 500 ya kuomba nafasi Annapolis

Mtoto aliyefika Marekani na wazazi wake kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma anaweza kuomba nafasi katika vyuo vya maofisa wa jeshi la nchi hiyo, maadamu amekwisha kuwa raia, hajaoa wala kuolewa, na hana mtoto wa kumtunza. Vyuo vyenyewe ni West Point cha jeshi la nchi kavu, kilichofunguliwa mwaka 1802. Annapolis cha wanamaji, cha mwaka 1845. Na kile cha jeshi la anga, Colorado Springs. Ada hakuna. Kijana hulipa kwa kulitumikia jeshi miaka isiyopungua 5 baada ya kuhitimu.

Kuingia ni kazi. Mbali na alama za darasani na mtihani wa viungo, mwombaji hutafuta pendekezo, mara nyingi la mbunge au seneta wa jimbo lake, na kila mmoja wao haruhusiwi kuwa na zaidi ya wanafunzi 5 katika chuo kimoja kwa wakati mmoja. Kisha inakuja insha. Annapolis imekuwa ikitaka maneno 300 hadi 500 yanayojibu mambo mawili: nini kilikuvuta kwenye utumishi wa wanamaji na chuo kitakufikisha wapi, na tukio gani maishani mwako lilijenga tabia na uadilifu wako.

Hapo ndipo malezi yetu yanapomtatiza kijana. Sisi tumefundishwa barua ya maombi inayoanza na "husika na mada tajwa hapo juu", ikapita kwenye shukrani, ikaishia na matumaini kwamba ombi litapokelewa. Ukiandika hivyo, maneno 100 yamekwenda na msomaji bado hajakujua. Tena mtoto mwenye adabu hajisifu, kwa hiyo anaandika "tulifanya", "tulisaidia", akajificha nyuma ya wenzake. Adabu hiyo naipenda na nisingetaka aitupe. Lakini kusema "mimi nilifanya hili" si majivuno. Aeleze alichofanya, sifa amwachie msomaji.

Kosa lililo kubwa zaidi ni kudhani kwamba mateso yanatosha. Vita, miaka ya kambini, baridi ya kwanza ya ugenini: ni mambo mazito, na hakuna wa kuyadharau. Ila yalikupata, hukuyachagua. Chuo kinachotafuta maofisa kinataka kuona ulichagua nini.

Chukua binti wa miaka 15 anayemtafsiria mama yake hospitalini, kazi ambayo watoto wengi wa wahamiaji wanaijua. Daktari anataja ugonjwa mzito. Mama anauliza, "Amesemaje, mwanangu?" Binti anaweza kulainisha neno ili mama alale vizuri usiku huo. Akilitamka lilivyo, na akaeleza kwenye insha kwa nini alifanya hivyo na ilimgharimu nini, ameonyesha uadilifu bila kulitaja neno lenyewe. Ofisa hupewa taarifa mbaya aipeleke kwa mkuu wake bila kuipunguza, na binti huyu amekwisha kulifanya hilo. Nguvu ya insha yake iko katika dakika zile chache, si katika safari nzima ya familia.

Swali la kwanza nalo lisijibiwe kwa mapenzi ya jumla kwa nchi. Kama kinachomvuta kijana ni nyambizi, aseme ni nyambizi, na aseme amejifunza nini kuzihusu hadi sasa.

Wazazi wenzangu, msimwandikie kijana wenu. Wala msimwachie mjomba msomi au programu ya kompyuta kazi hiyo. Kanuni ya heshima ya West Point inamkataza kadeti kusema uongo, kudanganya, kuiba, na hata kumvumilia afanyaye hayo; insha ya kuandikiwa inaivunja kabla hajavaa sare. Annapolis pia humtuma mtu wa kuzungumza na mwombaji ana kwa ana, na tukio lililotiwa chumvi halistahimili maswali matatu.

Msaada wenu uko kwingine. Mkumbusheni mwaka, jina la kambi, nani alikuwepo na nani alisema nini, maana mengi yalitokea akiwa mdogo. Muanze mapema, likizo ya kiangazi kabla ya mwaka wake wa mwisho wa sekondari, apate nafasi ya kuandika na kufuta. Akimaliza, awasomee kwa sauti, mumwonyeshe mahali mlipochoka kusikiliza, na kalamu mwachieni yeye.