Sikio la Nyumbani Kwa Ajili ya Bahari: Jinsi ya Kutengeneza Antena Isiyovuta Macho

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na huko Unguja na Pemba, yupo mtu ambaye riziki yake i juu ya maji. Ni baharia wa jahazi, fundi wa mashine katika boti ya abiria, au mfanyabiashara avukaye kila wiki. Upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, walioachwa nchi kavu hukaa roho juu. Hawajasahau kuzama kwa MV Spice Islander I, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, wala MV Skagit, Julai 18, 2012.

Baadhi ya familia hizo zimeanza kuulizia redio za skana. Hizi ni redio za kupokea tu, ambazo huzunguka masafa moja baada ya jingine na kusimama pale penye sauti. Wengi huinunua, huiwasha sebuleni, na hawasikii ila mvumo. Mara nyingi redio haina kasoro yoyote, ila imefungiwa ndani ya kuta nene, chini ya bati, ikiwa na kijiti kifupi cha mpira kwa antena. Dawa yake ni antena ya nje, nayo yaweza kutengenezwa nyumbani kwa bomba la maji na waya.

Kwa nini kimo ni muhimu

Vyombo vya baharini huzungumza kwa masafa ya VHF. Chaneli ya 16, yaani megahezi 156.8, imetengwa duniani kote kwa miito ya dhiki, ya usalama na ya kuitana. Mawimbi ya masafa haya husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, wala hayafuati sana mviringo wa dunia. Kwa hiyo kinachoamua umbali wa kusikia ni kimo cha antena zaidi ya bei ya redio.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.1. Antena iliyo juu mita 4 hufika kilomita 8 hivi. Iliyo juu mita 9 hufika kilomita 12. Fanya hivyo pia kwa antena ya chombo kilichoko baharini, kisha jumlisha. Nyumba yenye antena ya mita 9 na boti yenye antena ya mita 9 zaweza kusikizana kwa kilomita 24 hivi, ikiwa hakuna kilima wala jengo kubwa katikati.

Hesabu hii inafundisha jambo la kushikwa sana: aliyeko mjini Unguja hatarajii kuisikia boti ambayo ndiyo kwanza inaondoka Dar es Salaam. Ukimya wa redio si habari mbaya. Aghalabu maana yake ni kwamba chombo kiko mbali tu, au nahodha hana la kusema.

Vifaa na vipimo

Tafuta bomba la plastiki la maji lenye kipenyo cha milimita 25 na urefu wa mita 1.5, pamoja na vifuniko viwili vya ncha. Bomba la chuma halifai, kwa sababu litayazuia mawimbi. Tafuta pia waya wa antena aina ya RG-58 wenye urefu wa kutoka juu ya nyumba hadi kwenye redio, na mita moja ya ziada. Waya huu hupatikana katika maduka yanayouza vifaa vya redio za mawasiliano. Usiurefushe bila sababu, maana kila mita 10 hupoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya mawimbi. Mwisho, nunua plagi inayolingana na tundu la redio yako.

Waya huu una tabaka nne: kiini cha shaba katikati, plastiki nyeupe inayokizunguka, wavu wa shaba, na ganda la nje. Urefu wa wimbi la chaneli ya 16 ni mita 1.91, robo yake ni sentimita 48. Kwa kuwa waya wetu umo ndani ya plastiki, unapunguzwa kidogo hadi kufikia sentimita 44.

Hatua za kazi

Kwanza, pima sentimita 44 kutoka ncha ya waya. Ondoa ganda la nje na wavu wa shaba katika sehemu hiyo, ubakie na kiini ndani ya plastiki yake nyeupe. Hakikisha hakuna unywele wa wavu unaogusa kiini. Hii ndiyo nusu ya juu ya antena.

Pili, kutoka hapo wavu ulipokatwa, pima sentimita 44 nyingine kushuka chini, utie alama. Sehemu hii haichunwi; wavu ulio ndani yake ndio nusu ya chini ya antena.

Tatu, toboa tundu dogo kwenye bomba, sentimita 90 kutoka juu. Ingiza waya kupitia tundu hilo, uupandishe ndani ya bomba mpaka alama yako ifike tundun. Ncha ya juu ifunge kwa uzi wa nailoni kwenye kifuniko ili waya usilegee.

Nne, zungusha waya unaobaki nje ya bomba mara 9, mizunguko ikigusana. Kisha toboa tundu la pili mwisho wa mizunguko, uurudishe waya ndani na kuushusha hadi chini. Mizunguko hii ina kazi kubwa: huzuia sehemu ya waya inayoteremka nyumbani isigeuke kuwa sehemu ya antena na kukusanya kelele za televisheni, chaja na taa.

Tano, ziba kifuniko cha juu kwa gundi ya mabomba na funika mizunguko kwa utepe wa plastiki, maana chumvi ya bahari hula shaba upesi. Kifuniko cha chini kiachie tundu dogo la kutolea unyevu.

Simamisha bomba wima, kwani antena za vyombo vya baharini nazo husimama wima. Likikaa kando ya bomba la hewa la choo, mpita njia atadhani ni moja ya mabomba ya nyumba.

Tahadhari

Chagua mahali palipo mbali na nyaya za umeme, kwa umbali unaozidi urefu wa mlingoti wote, ili hata ukianguka usiziguse. Wakati wa masika, ukisikia radi kwa mbali, chomoa waya kwenye redio na uutoe nje. Ikiwa radi imekwisha kukaribia, usiuguse. Aliyepanga amwombe ruhusa mwenye nyumba. Na mkazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar aulize kwanza mamlaka ya uhifadhi, kwa kuwa sura ya nje ya majengo yale inalindwa.

Antena hii tumeificha jicho la mwizi na la mdaku. Hatukuificha jicho la sheria. Masafa ya redio Tanzania yanasimamiwa na TCRA. Kabla hujanunua skana, waulize kuhusu kibali na masharti ya kuitumia. Redio yenye kitufe cha kurushia sauti isiwekwe mahali pa watoto kuichezea: mzaha mmoja katika chaneli ya 16 waweza kufunika sauti ya mtu anayezama.

Adabu ya kusikiliza

Skana haichagui, hupokea kila kilichomo katika masafa unayoiambia. Hapa ndipo mtihani ulipo. Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana na kusengenyana. Mwenye kuita katika chaneli ya 16 anataka asikiwe na kila aliye karibu. Askari wa doria na watu wanaozungumza mambo yao hawakukualika. Iwekee redio masafa ya miito ya bahari, na hayo mengine uyaache.

Sura hiyohiyo, katika aya ya 6, imeamrisha kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi. Ukisikia neno "Mayday" likitamkwa mara tatu, hiyo ni hatari ya kupoteza maisha. Andika saa, jina la chombo, mahali kilipo na idadi ya watu, kisha piga simu polisi kwa namba 112 ili taarifa iwafikie waokoaji. "Pan-pan" ni haja ya msaada ambayo haijafikia hatari ya kufa. Yote mawili si ya kutupwa katika makundi ya simu. Jina la chombo likisikika vibaya, familia arobaini zitaanza kulia kwa ajili ya boti iliyotia nanga salama.

Tena tukumbuke kwamba ngalawa na mashua nyingi za wavuvi wetu hazina redio yoyote. Antena iwe ndefu namna gani, haitasikia sauti isiyorushwa. Mwenye mvuvi nyumbani asiishie kwenye antena. Asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla tanga halijapandishwa, ahakikishe jaketi la kuokolea limo chomboni, na ajue saa ambayo mtu wake ameahidi kurudi. Saa hiyo ikipita, atoe taarifa bila kungoja redio imwambie.