Speed Graphic

Speed Graphic ni kamera kubwa ya filamu iliyotengenezwa mjini Rochester, jimbo la New York, Marekani, kuanzia mwaka 1912 hadi 1973. Kwa muda mrefu ilikuwa kamera ya kawaida ya wapiga picha wa magazeti nchini humo. Ingawa utengenezaji wake ulikoma zamani, wapiga picha kadhaa wa leo bado wanaitumia kazini pamoja na kamera za dijitali.

Muundo

Mwili wake ni sanduku la mbao lililofunikwa kwa ngozi. Ubao wa mbele hufunguka kama mlango, na lenzi huvutwa nje juu ya reli. Kati ya lenzi na sanduku kuna ngozi iliyokunjwa kama kodiani. Aina iliyoenea zaidi hutumia vipande vya filamu vya inchi 4 kwa 5, yaani takriban sentimita 10 kwa 13. Eneo hilo ni karibu mara 15 ya picha moja ya filamu ya milimita 35.

Kinachoitofautisha na kamera nyingi za ukubwa huo ni pazia lililopo ndani, mbele kidogo ya filamu. Ni kitambaa kirefu chenye nafasi za upana mbalimbali. Springi ikifyatuliwa, kitambaa hupita haraka na filamu hupata mwanga kupitia nafasi hiyo. Nafasi nyembamba kabisa huruhusu mwanga kwa 1/1000 ya sekunde. Jina "Speed", yaani kasi, linatokana na hapo, wala si kwa sababu mtu hufanya kazi haraka akiwa nayo. Kishikio cha kawaida cha filamu hubeba vipande viwili tu, kimoja kila upande. Baada ya kila picha ni lazima kukigeuza au kukibadilisha.

Kamera ya magazeti

Katika miaka ya 1930 na 1940 Weegee alipiga kwa kamera hii picha za usiku za New York: ajali, moto na maiti barabarani. Tarehe 23 Februari 1945 Joe Rosenthal aliitumia kupiga picha ya wanajeshi wa Marekani wakisimamisha bendera kisiwani Iwo Jima, iliyompatia Tuzo ya Pulitzer. Baadaye kamera ndogo za filamu ya milimita 35, zinazopiga picha 36 bila kubadilisha filamu, ziliiondoa katika vyumba vya habari. Mpini wa taa yake ulipata kazi nyingine: ndio uliotumiwa kutengeneza upanga wa mwanga wa Luke Skywalker katika filamu ya Star Wars (1977), na hadi leo wapenzi wa filamu hiyo huutafuta kuliko kamera yenyewe.

Matumizi ya leo

Anayejulikana zaidi kati ya wanaoitumia sasa ni David Burnett, mpiga picha wa habari wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1946. Alikuwa tayari na jina kubwa. Picha yake ya mwaka 1979 ya mwanamke mkimbizi wa Kambodia akiwa na mtoto ilichaguliwa na World Press Photo kuwa picha bora ya mwaka. Katika kampeni ya urais ya John Kerry mwaka 2004, na tena katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, alibeba Speed Graphic katikati ya wenzake wenye kamera za dijitali.

Sababu kubwa ni lenzi. Burnett hutumia Aero-Ektar, lenzi ya milimita 178 iliyotengenezwa na Kodak wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya ndege za upelelezi. Tundu lake ni kubwa mno (f/2.5), hivyo sehemu nyembamba tu ya picha huonekana wazi, na kilicho mbele au nyuma yake huyeyuka. Mwanariadha mmoja anaweza kujitokeza ndani ya uwanja uliojaa watu. Lenzi hiyo haina kifaa chake cha kupima muda wa mwanga, kwa hiyo haitumiki kirahisi kwenye kamera nyingine kubwa. Pazia la Speed Graphic hufanya kazi hiyo.

Gharama yake si ndogo. Mpiga picha hulenga kwenye kioo cha ukungu ambapo picha huonekana juu chini, kisha huingiza filamu, huondoa kifuniko chake na kufyatua. Tangu filamu ilipoingia hawezi tena kutazama kwenye kioo, na mtu akisogea hatua moja tu picha imeharibika. Isitoshe, vioo vya Aero-Ektar vina thori, elementi nururifu, na kwa miaka hugeuka rangi ya manjano au kahawia. Mwanga wa urujuanimno huweza kuvisafisha.

Mwingine ni Louis Mendes, ambaye hupiga wapita njia wa New York na kuwauzia picha papo hapo. Kazi ya aina hiyo ilipata pigo mwaka 2016, Fujifilm ilipotangaza kuacha kutengeneza FP-100C, filamu ya picha za papo kwa papo. Vipande vya kawaida vya inchi 4 kwa 5 bado vinatengenezwa na Kodak, Ilford na Foma. Vipuri ni jambo jingine: mapazia huchanika, springi hulegea, na fundi hulazimika kuvitoa katika kamera nyingine iliyokufa.