Hita ya gesti haitoi maji moto? Angalia haya kabla hujampigia fundi

Kuna watu wanadhani maji moto ni biashara ya Arusha na Mbeya, sisi wa Bagamoyo hayatuhusu. Subiri mwezi wa sita mpaka wa nane, kusi inavuma, mteja kashuka usiku kachoka, swali la kwanza: "Maji moto yapo?" Mimi nina vyumba nane, kimoja 35,000. Hita ikilala siku tatu na chumba nimekifunga, 105,000 imeondoka, na fundi bado hajalipwa.

Kwanza jua una hita ya aina gani. Kuna shawa ya umeme, ile ndogo inayochemsha maji yakiwa yanapita, na kuna ya tangi inayotundikwa ukutani. Magonjwa yake hayafanani.

Shawa ya umeme haiwaki mpaka maji yaisukume. Ndani kuna mpira, presha ikiusukuma ndipo umeme unagusana. Simtanki ikiwa imekaa chini, au maji yamebaki kidogo, yatatoka baridi na hita ni nzima kabisa. Kila mita moja ya kimo inakupa bar 0.1 tu, kwa hiyo mnara mfupi ni tatizo. Ukimaliza tanki, zima umeme kwenye breka, fungua kile kisahani chenye matundu. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na matundu yanaziba kwa ukoko mweupe. Loweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi sugua na mswaki wa zamani. Gharama yake ni siki.

Kama asubuhi inachemsha vizuri ila saa moja jioni inatoa vuguvugu, huo ni umeme mdogo. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, hita inabaki na kama asilimia 60 ya nguvu yake, shawa ya wati 5,500 inakuwa kama ya 3,400. Fundi atakuja saa nne asubuhi, atakuta inafanya kazi, na wapo watakaokubadilishia kitu ili tu wasirudi mikono mitupu.

Kwenye hita ya tangi, uliza kwanza imewashwa saa ngapi. Tangi la lita 50 lenye elementi ya wati 1,500 linahitaji kama saa moja na robo kutoa maji kwenye nyuzi 27 kuyafikisha 60. Hita nyingi ninazoambiwa ni mbovu ziliwashwa dakika ishirini zilizopita, mteja akiwa anajaza kitabu pale mapokezi.

Taa ya hita haiwaki? Angalia LUKU, breka, halafu swichi ya ukutani. Vyote vikiwa sawa, huenda kitufe cha usalama kimeruka kwa sababu ya joto kupita kiasi. Kipo ndani ya kifuniko, mwachie fundi. Kikirudishwa kikaruka tena wiki hiyohiyo, thermostati inakufa au elementi imevaa ukoko.

Taa inawaka ila maji baridi: zima umeme, funga koki inayoingiza maji kwenye hita, kisha fungua bomba la moto peke yake. Maji yakiendelea kutoka, yale ya baridi yanavukia kwenye mixer, hita haina kosa. Yakikatika, sasa tuishuku elementi.

Hapo mwite fundi, na umsimamie. Akishazima breka na kutoa nyaya, apime elementi mbele yako. Ya wati 1,500 isome kama ohm 35, ya 5,500 kama ohm 10. Isiposoma kitu imekatika. Ikisoma sawasawa, usikubali kununua nyingine.

Ila breka ikianguka kila ukiwasha, au mteja akisema bomba linamtetemesha, hapo usijaribu kitu. Zima, funga chumba, hata kama umejaza. Umeme unaingia kwenye maji. Fundi akikwambia aweke breka kubwa zaidi, mwage, tafuta mwenye leseni ya EWURA, akague na waya wa ethi.

Elementi mimi nafuata Kariakoo, ile ya zamani nikiwa nayo mkononi ili vipimo vilingane. Nanunua mbili, maana kupanda gari mpaka Makumbusho na kuunga ni siku nzima. Hita ikifunguliwa, mwambie aangalie na fimbo ya magnesiamu, inaliwa na chumvi badala ya tangi. Ikibaki waya, badilisha. Na kama umeunganishwa DAWASA, elekeza maji hayo kwenye hita, ya kisima yabaki ya chooni na usafi.