Mita Ilisema Nzima

Kinyozi jirani yangu aliniletea betri yake ya sola, ile ya maji, ampea-saa 100. Nikaipima: volti 12.6.

"Sasa fundi, si nzima hiyo?"

Sikumjibu. Nikaiunga na taa mbili kubwa za gari, zivute kama ampea 10. Volti zikaporomoka hadi 10.6.

Volti 2 zilizopotea, gawa kwa ampea 10: omu 0.2, yaani miliomu 200. Betri nzima ya ukubwa huo haifiki hata miliomu 10. Na yeye miezi miwili analaumu paneli!

Hesabu hiyo ya mtaani inatosha kumtangaza marehemu. Haisemi kafa kwa nini. Kwa hilo kuna kipimo cha impidensi, neno alilolibuni Mwingereza Oliver Heaviside mwaka 1886, kwa maana ya kizuizi kinachoukabili umeme wa kwenda na kurudi. Kifaa hupitisha mkondo mdogo wa namna hiyo ndani ya betri, kikasoma jinsi volti zinavyoyumba. Ukiuyumbisha mara 1,000 kwa sekunde, kemia haiwahi kujibu. Vinavyojibu ni vyuma, viungio na maji ya betri. Punguza hadi mara chache kwa sekunde, zinaanza kusikika nyuso za pleti. Punguza zaidi, mzunguko mmoja uchukue sekunde 100, hapo unasikia ioni zenyewe zikijikokota. Ndiyo maana kiungio kilicholika na pleti iliyochoka havijifichi mahali pamoja.

Mimi sina mashine ya kupima yote hayo. Nina kijipimo cha mara 1,000 tu, chenye nyaya nne: mbili zinapeleka mkondo, mbili zinasoma volti, ukinzani wa nyaya usije ukahesabiwa ndani. Kwenye miliomu, nyaya mbili ni uongo mtupu. Nakitumia kuchambua seli za 18650 ninazozitoa kwenye betri za laptop. Baridi ya asubuhi hupandisha namba, kwa hiyo nazipima zote kwa mkupuo mmoja, zikiwa na chaji sawa.

Hata hivyo sikiamini peke yake. Seli iliyofaulu naijaza, naimwaga usiku kucha, nahesabu kilichotoka. Wiki iliyopita moja ilisoma miliomu 38, safi kabisa, ikatoa miliampea-saa 900 kati ya 2,600 zilizoandikwa ubavuni. Nikairudia, nikidhani nyaya zimelegea. Zikatoka 890.