Ng'ombe huenda na majani

Hapa Ujerumani mtoto haanzi darasa la kwanza mpaka apimwe na daktari wa idara ya afya. Hupimwa macho, masikio, uzito na urefu, huambiwa aruke kwa mguu mmoja, achore, ahesabu, na kadi yake ya chanjo hukaguliwa. Na hayo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni picha tatu alizowekewa mwanangu mezani: ng'ombe, bata na majani. Aliulizwa vipi viwili vinakwenda pamoja, akagusa ng'ombe na majani. Kwenye fomu ikaandikwa kuwa amekosa, na chini yake pendekezo kwamba uelewa wake ufuatiliwe.

Nilimwambia daktari pale pale kwamba jibu lile lina sababu. Desemba tulikuwa Lushoto, Tanzania, na mtoto alishinda na bibi yake akibeba majani kutoka shambani hadi bandani. Ng'ombe wa bibi hatoki nje; asipokatiwa majani analala njaa. Mwanangu aliposema, "Bibi anampa ng'ombe majani, bata hana kazi hapo," alikuwa anasema jambo alilolifanya kwa mikono yake. Daktari alinijibu kwa upole kwamba jibu linalotakiwa ni wanyama wawili. Nilirudi nyumbani nikaandika barua ya kurasa mbili, na mengi ya makala hii nimeyatoa humo, kwa sababu akina mama wenzangu wanazidi kuniuliza na naamini nina haki.

Mtu aliyelifikisha kwa wengi suala hili la kupanga vitu kwa aina au kwa uhusiano ni Richard Nisbett, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, katika kitabu chake cha mwaka 2003, The Geography of Thought. Anasema Wamagharibi hukitazama kitu chenyewe na kuuliza kiko kundi gani na kina sifa zipi, hali watu wa Asia ya Mashariki huanza na mazingira na jinsi vitu vinavyohusiana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, yeye na Takahiko Masuda waliwaonyesha wanafunzi wa Japani na wa Marekani filamu fupi za samaki wakiogelea, kisha wakawaomba waeleze walichoona. Samaki wakubwa walitajwa na wote karibu sawa. Lakini Wajapani walitaja mandhari, yaani mawe, mimea na maji yenyewe, kuwazidi Wamarekani kwa zaidi ya asilimia 60, na mara nyingi walianza kwa kueleza mahali: panaonekana kama bwawa. Mmarekani alianza na samaki mkubwa. Kabla ya hapo, mwaka 1972, Liang-Hwang Chiu alichapisha utafiti wa watoto wa Taiwan na wa Marekani waliopewa picha tatu tatu. Wamarekani walipenda kuweka pamoja vitu vya aina moja, wale wa Taiwan vitu vinavyohusiana. Mfano anaoutoa Nisbett ni ng'ombe, kuku na majani. Nilipofika hapo nilimwita mume wangu aje asome mwenyewe.

Chanzo cha tofauti hiyo Nisbett anakitafuta mbali. Wagiriki wa kale walifuga, walisafiri kibiashara na walipenda mabishano ya hadharani, wakazoea kukitenga kitu na kukipa kundi lake, na Aristotle akaifanya hiyo kuwa elimu. Wachina walilima mpunga wa kumwagilia, na maji ya shamba lako yanapitia kwa jirani, kwa hiyo huwezi kuishi bila kuangalia yanayokuzunguka. Mwaka 2014 Thomas Talhelm na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wa wanafunzi 1,162 wa Kichina: waliotoka mikoa ya mpunga ya kusini waliunganisha vitu kwa uhusiano kuliko wenzao wa mikoa ya ngano ya kaskazini. Tofauti inayodaiwa kugawa dunia imepatikana ndani ya nchi moja. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba mpaka wake ni Mashariki na Magharibi.

Na Waafrika je? Katika mgawanyo huo hatuna mahali. Lakini ushahidi wetu upo, tena wa zamani zaidi. Miaka ya 1960 Michael Cole na wenzake walifanya utafiti kwa Wakpelle wa Liberia. Mmoja wao, Joseph Glick, alisimulia kwamba wakulima walipewa vitu 20, vyakula, vyombo na zana, wavipange. Kisu wakakiweka na chungwa, kwa sababu kisu ndicho kinacholikata, na wakasema mtu mwenye akili hupanga hivyo. Walipoulizwa mpumbavu angepangaje, wakavigawa bila shida: vyakula huku, zana kule. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara naona kwamba uwezo wa kupanga kwa makundi walikuwa nao. Waliuona tu hauna maana. Huko Uzbekistan, mwaka 1931 na 1932, Mrusi Alexander Luria aliwaonyesha wakulima wasiosoma nyundo, msumeno, shoka na gogo, akauliza kipi hakimo katika kundi. Wengi walikataa kuliondoa gogo, maana bila gogo msumeno utakata nini? Waliokuwa wamepita shuleni hata kwa muda mfupi waliliondoa upesi.

Shule basi inaeleza sehemu kubwa, ingawa si yote, maana wale watoto wa Taiwan walikuwa wanafunzi. Na mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha kwamba saikolojia imejengwa juu ya watu wa jamii tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo, na kwamba mara nyingi hao ndio walio tofauti na binadamu wengine. Wakati huo huo mtoto wa miaka mitano anaandikiwa kuwa amekosa kwa kujibu kama sehemu kubwa ya dunia.

Ukitaka kuelewa kwa nini jibu la mwanangu lilihesabiwa kosa, angalia takataka za hapa. Nyumba yetu ina mapipa manne: la njano la vifungashio, la bluu la karatasi, la kahawia la maganda na mabaki ya chakula, na jeusi la kilichosalia. Kopo la mtindi haliendi zima. Kifuniko cha foili hung'olewa kabisa, kisha vyote viwili viingie pipa la njano kila kimoja peke yake, la sivyo mashine ya kuchambua haitambui kila kimoja kimetengenezwa kwa malighafi gani. Chupa zina makontena yake barabarani, nyeupe kwake, kahawia kwake, kijani kwake, na ya bluu huenda kwenye kijani. Jumapili huruhusiwi kuzitupa kwa sababu ya kelele. Chupa ya plastiki ya maji nayo hurudishwa dukani, unapewa senti 25.

Jirani wa chini aliwahi kugonga mlango wetu na sanduku la piza mkononi. Lilikuwa letu, tumelitia pipa la bluu, nalo lina mafuta. Alisimama mlangoni akanieleza kwa utulivu kabisa karatasi safi ni ipi na chafu ni ipi. Tumeishi jengo moja miaka yote hiyo, na hilo ndilo lililomleta kwangu. Mama yangu alipokuja kwa arobaini ya mtoto hakuna jirani aliyebisha hodi.

Binti yangu wa miaka tisa amezaliwa katika mambo haya na anayajua kuliko baba yake. Penseli zake zimepangwa kwa rangi, vitabu kwa kimo. Alipomsikia mdogo wake amekosa picha, alikata picha za magazeti akaanza kumfundisha: matunda, wanyama, magari. Nilimwacha kwanza, kwa kuwa nataka mtoto afaulu. Lakini jioni ya tatu mdogo mtu aliniuliza kama ng'ombe wa bibi bado anakula majani, na uso wake ulionyesha wasiwasi wa kweli. Nikampigia mama simu ya video, akamwonyesha banda, ng'ombe na mzigo wa majani mabichi. Masomo ya dada nimeyasimamisha.

Sasa wanabishana juu ya midoli. Dada anataka magari yote yakae sanduku moja. Mdogo wake anataka gari la wagonjwa likae karibu na kitanda cha mdoli, kwa sababu mdoli anaumwa na usiku huenda akazidiwa. Nimeamua libaki kwa mdoli mpaka apone. Dada amekubali, lakini amebandika karatasi kitandani pale, kwa Kijerumani, kwamba mgonjwa ataangaliwa Jumamosi.